Mzee Barasa Hakufika

Bukoto, Kampala
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Kaka yangu Simiyu,

Usiichane kwanza. Najua mwandiko wangu umeutambua kabla hujafungua bahasha, na najua hasira zako zinavyokimbilia mikononi. Kaa chini, mwambie wifi akuletee chai, uisome mpaka mwisho. Ukimaliza, kama bado unataka kuichana, basi ichane.

Hamjambo huko nyumbani? Mama anakula? Nikimpigia anasema "nimekula", na sisi sote tunajua Mama akisema amekula bila kutaja amekula nini, hajatia kitu mdomoni. Mguu wa Shangazi je, umepungua uvimbe? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayouma, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeshika kalamu kama enzi za bweni. Anayekuletea barua hii ni mama mmoja anayenunua vitenge hapa kwenye soko la Kikuubo na kuvuka navyo mpaka kila wiki. Hajui yaliyomo. Mpe walau maji ya kunywa.

Kaka, sikuja kumzika Baba. Nimeandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu nimechoka kuzunguka. Alhamisi ile nilikwambia kwenye simu kwamba kazi imenibana, ukasema "sawa", ukakata. Nilidanganya. Hakuna aliyenibana. Hapa ofisini hawakujua hata kama nimefiwa, maana sikumwambia mtu.

Wewe kazi yangu uliicheka sana. "Nafula analipwa kuchora vibonyezo." Haya, cheka, lakini sikiliza. Vijana wa Kampala wanacheza mpira wa kwenye skrini, kila mtu na pedi yake ya kuchezea mkononi, na wanashindana kwa moto kuliko wanaocheza uwanjani. Zamani mashindano yao yaliandikwa kwenye daftari. Jina likipotea, ni ngumi. Mwenye kampuni yetu, mama mmoja wa Mengo, akataka jukwaa la kwenye simu: mwandaaji afungue mashindano, wachezaji wajisajili wenyewe, mashine ipange nani akutane na nani, na anayeshinda apande raundi inayofuata. Kulichora jukwaa hilo, ukurasa kwa ukurasa, ndiyo imekuwa kazi yangu miaka miwili sasa.

Na unajua nilianzia wapi? Kwenye mlango wa mashine ya kusagia ya Baba! Unakumbuka kila Krismasi alivyokuwa akiandaa mashindano ya drafti pale nje, visoda vyeupe kwa vyekundu, na majina yote ameyaandika mlangoni kwa chaki, mawili mawili, na mistari inayopanda mpaka kwa mshindi? Nilichora mlango ule ule. Hata majina ya kujazia kurasa za majaribio yalikuwa ya wale wazee wake wa drafti. Nikazipiga picha kurasa hizo, nikamtumia Baba kwenye simu ya Mama. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameshaanza kuumwa, lakini sauti ilikuwa yake bado. Akasema, "Sasa usinichezee kwenye karatasi. Niandikishe mashindano ya kweli."

Nikamwandikisha. Ilikuwa mzaha wetu, mimi na yeye. Nikaweka jina, Mzee Barasa, na ile picha aliyovaa koti la kanisani. Kutoka hapo kila Jumapili akawa ananiuliza, "Mchezo wangu lini?" Namjibu, "Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Baba. Fanya mazoezi." Anasema, "Mazoezi ya nini? Hao ni watoto, nitawala wote."

Akafa kabla ya Jumamosi yake. Na ninyi mkapanga mazishi siku hiyo hiyo.

Ngoja nikwambie ukweli uliobaki, maana huu ndio mchungu. Ile Jumamosi ndiyo siku jukwaa lilikuwa linazinduliwa mbele ya watu. Niliogopa nikisema nimefiwa, yule mama wa Mengo atanihurumia, ataniambia nenda, halafu mtu mwingine atasimama pale mbele na kushangiliwa kwa kazi yangu. Nilitaka nionekane, Kaka. Wiki nzima nilijiambia Baba mwenyewe angetaka nibaki. Marehemu hajibu, ndiyo maana ni rahisi kumsemea.

Jumatatu ya wiki ile nilipitia orodha ya waliosajiliwa kuondoa majina ya majaribio. Nikawafuta wazee wote wa drafti. Nilipofika kwa Baba, mkono ukakataa. Nikajisemea nitamtoa kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Jumamosi asubuhi mashine ikapanga mechi, naye akapangwa kama mtu mwingine yeyote: saa nane mchana, na kijana anayeitwa Okello.

Okello anauza kava za simu pale Kikuubo. Babake alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, kwa hiyo kijana amelelewa kambini na Kiswahili anakimwaga bila kusita, kile cha hapa. Saa nane ikafika, akakaa kwenye kiti chake. Kiti cha mbele yake kitupu, pedi imelala juu ya meza. Kwenye skrini kubwa ukutani, Baba na koti lake la kanisani, na chini yake dakika kumi zinahesabika kurudi nyuma.

Sheria ya dakika kumi ni yangu. Yule mama wa Mengo alitaka nusu saa, mimi nikabisha. "Ukiwangojea hawa, mashindano hayaishi," nilimwambia. Hata maneno ya kumalizia niliyatunga mimi, na rangi nyekundu nikachagua mimi.

Okello akaniita. "Sista, huyu muzee yangu iko wapi? Mimi nangoja yeye. Na hii picha! Nani anakuja kucheza na koti ya kanisa?"

Nikamwambia hatakuja.

"Kwa nini? Ameogopa mimi?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu nisiyemjua, jambo nililowaficha wote. Nikasema, "Ni baba yangu. Anazikwa saa hii."

"Anazikwa wapi?"

"Kwetu, Kenya."

Kaka, kijana yule alinitazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Akasema, bila kupaza sauti, "Na wewe iko hapa unafanya nini?"

  Nilijua tu kwamba saa hiyo mmeshika kamba, mnamteremsha, na mimi nimesimama Bukoto na kitambulisho shingoni.

Nikataka kuisimamisha ile saa, nimpe ushindi wake yaishe. Akanikataza. "Wacha. Dakika yake ni yake. Mimi nangoja iishe." Akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akakaa mbele ya kiti kile. Huku na huku watu wanapiga kelele za mechi zao, yeye katulia kama yuko matangani. Hesabu ilipokwisha, skrini ikaandika kwa nyekundu: MZEE BARASA HAKUFIKA. AMEONDOLEWA. Watu wakampigia makofi, hawakujua. Okello hakuinua mkono. Mimi nilikwenda chooni nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Kuna jambo hulijui. Kesho yake asubuhi nilipanda basi kuja nyumbani. Nilisema hata kama nimekosa kaburi likiwa wazi, nitalikuta bichi. Nikafika mpakani Malaba, nikavuka, nikaweka laini ya Kenya. Simu iliposhika mtandao, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa picha kutoka kwa binamu, ile karatasi ya programu ya mazishi. Nikaisoma nimesimama kwenye vumbi la malori. "Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano."

Watatu. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Wewe, Nanjala, Wanyonyi. Nikahesabu tena. Nikageuka nikapanda basi la kurudi.

Sikulaumu kwa kunitoa. Siku ile ningekuwa wewe, labda ningefanya vivyo hivyo, nawe unajua mimi nina mdomo na roho ngumu kukushinda. Lakini tangu siku hiyo nakumbuka ile Krismasi ya Fundi Juma. Ulikuwa kidato cha pili. Ulipangwa ucheze naye, na fundi hakuonekana asubuhi, wala adhuhuri. Ukamlilia Baba, "Nipe ushindi wangu!" Wazee wakakuunga mkono, wakataka jina lifutwe. Baba akapanga visoda vya Fundi Juma upande wake, akaweka kiti, akasema, "Mtu hafutwi na saa. Hamjui lililomshika." Ukangoja umenuna mpaka jioni. Fundi akaja na vumbi mpaka kwenye kope, kumbe alikuwa amempeleka mkewe zahanati kwa baiskeli. Ukamfunga kwa haraka hata chai haikupoa. Na Baba akakwambia nini? "Sasa umemshinda mtu. Ile asubuhi ungeshinda kiti."

Nilikuwepo, nilikuwa nimekalia gunia la mahindi. Halafu nikakua, nikasoma, nikaja Kampala, nikatunga sheria ya dakika kumi.

Nimeibadilisha. Sasa mchezaji akiona mwenzake hajafika anaweza kubonyeza pahali palipoandikwa MNGOJE, na mashine inamwachia nafasi. Yule mama wa Mengo alilalamika. Nikamweleza yote, hata la Baba. Akanifokea kwa nini sikusema. "Ningekupeleka kwa gari langu mwenyewe," alisema. Hilo nalo limenikaa hapa kifuani.

Mama ameniambia mchanga umeshamwagwa uani, na Desemba mtajengea kaburi na kusimamisha msalaba. Nilipomwomba nije, akanijibu, "Zungumza na kaka yako, boma ni lake sasa." Ndiyo maana nakuandikia wewe. Sitaki kutoa hotuba, wala kukaa na wenye kufiwa mbele ya watu. Nataka kubeba mchanga. Fundi akiniita nimchanganyie simiti, nitachanganya.

Ukinifuta nikiwa huku mbali, Kaka, umeshinda kiti. Niache nije. Unifokee uso kwa uso, hata kofi unipige ukiona inafaa. Mimi lililonishika limenishika kwa kujitakia, si kama Fundi Juma, na sina baiskeli wala mgonjwa wa kusingizia. Nimechelewa tu, na ninaona aibu, na Baba simwoni tena.

Mfikishie Mama salamu zangu, umwambie ale kitu cha moto. Shangazi nimemtafutia dawa ya kuchua, iko ndani ya kifurushi cha yule mama wa vitenge. Wifi mshukuru kwa kumwogesha Baba siku zake za mwisho. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nanjala na Wanyonyi wasalimie, na watoto wote watano, mmoja mmoja kwa jina lake.

Jibu lolote utakaloandika, mpe yule mama, anarudi Alhamisi. Hata likiwa neno moja, hata likiwa "sawa" kama ile ya siku ile, nitalipokea kwa mikono miwili.

Ni mimi,
Nafula,
mtoto wa nne.