Sita Mbili Uwanjani

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Wifi hajambo, na wanao? Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeacha ukorofi, na kwamba unaivaa ile fulana nzito niliyokushonea, hukuikunja tu kabatini. Nakujua wewe.

Sisi tunajikaza. Mama anakula, ila miguu bado imevimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Macho ndiyo hayana shida kabisa. Juzi alikiona kifungo chini ya cherehani kabla yangu. Kila jioni anauliza kama umeandika. Nimemwambia leo naandika mimi, akasema nikuombe upunguze ubishi na wakubwa wako wa kazi. Nimefikisha.

Sasa Kaka, kaa chini. Barua hii isome peke yako kwanza, maana ina jambo ambalo nimelificha wiki saba.

Ni ile fainali. Najua mdogo wetu Kufuli alikupigia simu siku ile ile, matope hayajamkauka miguuni, akakuambia Mwalimu, aliyekuwa refa, ametunyang'anya kombe. Najua pia ulichofanya baada ya hapo. Lakini Kufuli alikupa nusu ya habari, tena nusu yenye hasira. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja na kikopo changu cha sindano, niliona mchezo wote.

Kwanza tuseme kweli: tulicheza ovyo. Timu uliyoianzisha na maseremala wenzako pale karakana, ukawa nahodha wake wa kwanza, siku ile ungeikana mchana kweupe. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Pilipili, yule mshambuliaji wetu, alibaki yeye na lango tupu akaupaisha mpira juu kama anafukuza kunguru. Mipira ya kurusha tuliirusha vibaya mara tatu, mara tatu Kaka, watu wazima. Wapinzani wetu wa hospitali nao hawakuwa na nafuu, walitupa sisi pasi nyingi kuliko walizopeana wenyewe. Tulikwenda mapumziko bao moja kila upande, na mabao yote mawili yalikuwa ya uzembe.

Dakika ya ishirini na tatu Pilipili aliubutua mpira baada ya filimbi, kwa hasira zake zile. Mwalimu akampa kadi ya njano, akaandika katika kijitabu chake. Dakika ya sitini na moja Kufuli akamwangusha mtu wa hospitali. Rafu ya kawaida tu, ya kadi ya njano, si zaidi. Mwalimu akatoa njano, akafungua kijitabu, akautazama mgongo wa mdogo wetu, kisha akatoa nyekundu.

Uwanja ulilipuka. Kufuli alifungua mikono akawa anauliza, "Ya kwanza nimeipata lini? Mwalimu, niambie, lini?" Mwalimu akamwonyesha maandishi. Washika vibendera nao wakasema ndiyo, sita alikuwa na kadi tayari. Hapo watu wakakumbuka kwamba mke wa Mwalimu ni muuguzi pale hospitali, na kesi ikaisha. Tukabaki kumi. Baadaye beki wetu akamrudishia kipa mpira, kipa akauacha upite chini ya mguu, ukaingia golini taratibu, wala hapakuwa na adui karibu. Mbili kwa moja. Hata hilo akabebeshwa Mwalimu.

Jumanne nilifua jezi kama kawaida. Nilizianika moja moja, migongo ikinitazama. Nikaona sita. Baada ya jezi mbili, nikaona sita tena. Nikatafuta tisa kwenye kamba, nikatafuta ndani ya beseni. Hakukuwa na tisa, Kaka. Nilikaa juu ya ndoo.

Unajua ninavyokata namba. Sita na tisa natumia kipande kimoja cha boksi, ninageuza tu wakati wa kushona. Wewe ndiye uliyenichorea kipande hicho. Asubuhi ya fainali nilikuwa kwenye jezi ya mwisho, tisa ya Pilipili, Mama akaniita nimshike aende msalani. Niliporudi jezi ilikuwa imeanguka. Nikaiokota, nikaibandika namba, nikashona bila kuangalia shingo iko upande gani. Nikawagawia palepale uwanjani, wakazivaa mbiombio mvua ikiwapiga. Wachezaji wanajuana kwa sura, nani asome mgongo wa mwenzake? Anayeandika namba ni refa. Mwalimu aliandika alichokiona, na alichokiona nilikishona mimi.

Siku ile ningesema, yangeishia pale. Sikusema. Niliifumua ile namba kwa wembe, nikaigeuza, nikaishona upya, nikazipeleka jezi karakana zimepigwa pasi vizuri. Niliona aibu, Kaka. Nilijidanganya kwamba watu watasahau.

Kisha ikaja barua yako kwa kamati ya ligi. Kurasa tatu, na wewe ukishika kalamu unaijua kazi yake. Katibu aliisoma kwa sauti, kwamba mwanzilishi wa timu anasema Mwalimu ameuza haki ili kumfurahisha mkewe. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza Mwalimu kitu. Alinyoosha mkono na kijitabu chake, hawakukipokea. Wakamfungia maisha asichezeshe mechi yoyote. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nikivuta uzi kwenye pindo la gauni langu mpaka pindo likaachia.

Sasa wanafunzi wake wanamwinulia karatasi nyekundu akipita. Mtu aliyewafundisha nusu ya mji huu kugawanya na kuzidisha! Barabara kuu ameiacha, anazunguka nyuma ya karakana, kwenye maranda ya mbao. Namwona kutoka dirishani kwangu kila siku, na kila siku nilikuwa nainamisha kichwa kwenye cherehani.

Alhamisi aliingia humu ninamoshonea. Alileta nguo zake nyeusi za kuchezeshea, shati na kaptura, akaomba nizikate niunge mfuko wa vitabu wa binti yake. "Kitambaa bado kizima, Fundi," alisema. "Kisiozee bure." Nikachukua mkasi. Mimi sikati nguo ya mtu kabla ya kupekua mifuko, unanijua. Kwenye mfuko wa shati nikakuta kijitabu. Kurasa zilikuwa zimeloa zikakauka, lakini penseli ilisomeka. Karakana 6, dakika 23. Karakana 6, dakika 61.

Nilishindwa, Kaka. Nilimwambia yote, nikilia na mkasi mkononi. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakigeuza kile kijitabu juu chini, juu chini, akiitazama ile sita. Kisha akauliza, "Kaka yako anajua?"

Nikasema hujui.

Akaniambia kwamba siku ya kamati aliiona barua mkononi mwa katibu akautambua mwandiko kabla jina halijasomwa. Mlikaa dawati moja miaka saba, wewe ukinakili hesabu zake na yeye akinakili insha zako. Alisema kelele za uwanjani alizizoea, ndiyo kazi ya refa. "Wiki zote hizi nilikuwa nangoja simu moja tu," alisema. "Aniulize tu, ilikuwaje?"

Nikamwambia basi nguo tusizikate, nitakwenda kamati, watamrudishia filimbi yake. Alitikisa kichwa. Akaniambia, "Kata." Nikakata. Mfuko umetoka vizuri, nimeutilia mishikio miwili imara, na binti yake anaubeba tangu juzi.

Ijumaa nilimwambia Kufuli. Alikuwa anakula, akanawa mikono akatoka. Jirani aliniambia alimwona kwenye lango la Mwalimu, amesimama muda mrefu, kisha akageuka. Hajasema nami mpaka leo, na sina la kumlaumu.

Jumanne nakwenda kamati. Nitapeleka kijitabu alichoniachia, na nitapeleka jezi ya Pilipili, maana matundu ya sindano ya kwanza bado yapo kwenye kitambaa. Wakitaka kunicheka na wanicheke. Nakuomba na wewe uwaandikie kwamba ile barua yako unaifuta, kwa mwandiko ule ule. Sikulaumu kwa kumtetea mdogo wetu. Lakini mimi nilimkosea Mwalimu kwa kutotazama, na wewe, Kaka, ulimjua.

Mama anakusalimu, hajui lolote kuhusu haya, nitamwambia miguu ikipata nafuu. Msalimie sana wifi, mwambie vitambaa vya mapazia vitafika. Wanao wabusu wote, na yule wa mwisho mvute sikio kidogo kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awalinde nyote, awape afya, na aturudishie wewe tukikutambua na wewe ukitutambua.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi.

Nimesahau: Mwalimu hufika nyumbani saa kumi jioni. Namba yake ya simu haijabadilika.