Jumapili za Kubadilisha Maji

Jumapili, 7 Septemba 2025

Viola amehamia Ruiru juzi, karibu na kazi. Leo amerudi na kioo. Sio kioo cha kujiangalia — tanki ya samaki! Fundi wa vioo ndiye alimtengenezea, kila kona imebandikwa gundi, haivuji hata tone. Alitaka kuiweka kwake, caretaker akakataa. Ati Viola yuko ghorofa ya nne, maji yakimwagika yatanyeshea watu wa chini. Basi imekuja Makongeni kwangu, mama yake. Kwani ingeenda wapi?

Tumeiweka juu ya meza ya cherehani. Chini udongo wa shamba, juu yake mchanga wa mto. Mawe baba yake aliokota pale wanajenga karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Viola akadondoshea kila jiwe siki. Lililotoa povu alilikataa, ati litabadilisha maji. Yaliyobaki nikayachukua nikaanza kuyasugua na sabuni ya unga, yang'ae. Wacha apige kelele! "Mum! Sabuni inaua kila kitu!" Baba yake akatumwa mawe mengine.

Mtoto amesoma huyu. Ni mtu wa dawa, famasi ya huko Ruiru. Wagonjwa wanamwita daktari — nilienda nikasikia na masikio yangu.

Hakuna mashine ya kupuliza hewa, hakuna nini. Anasema mimea itafanya hiyo kazi. Baba yake alisimama akaangalia. Akasema tumejenga bwawa la Ndakaini kwa nyumba. Akaenda kulala, yuko shifti ya usiku.

Jumanne, 9 Septemba

Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Viola anasema kwa simu ni kawaida, yatatulia.

Tausi wa mlango wa pili alikuja kuomba kiberiti. Akainama, akaangalia. "Mama Viola, samaki wako wapi?" Nikamwambia nyumba hujengwa kwanza, wenyewe wanahamia baadaye. Akasema yeye akitaka kuangalia matope ataangalia mtaro, bure kabisa. Tausi anauza leso na hana adabu. Lakini chai alikunywa.

Jumapili, 14 Septemba

Nilitoka kanisani nikamkuta Viola tayari ameanza. Alitoa nusu ya maji na paipu — anavuta na mdomo, halafu inamwagika yenyewe kwa ile ndoo kubwa ya bluu. Akajaza maji yaliyolala kwa mtungi tangu jana. Ya mfereji iko na dawa, lazima ilale kwanza. Hiyo ni kazi yangu, kulaza maji kila Jumamosi. Sijakosea.

Money plant yangu, ile imezunguka picha ya harusi, ameitoa kwa chupa. Mizizi ameining'iniza kwa tanki. Halafu akauliza kama kuna nduma ya kupika imechipua. Kwangu nduma haikosi! Ameishikisha katikati ya mawe mawili, miguu kwa maji, majani nje. Kama zile za mtoni kwetu Kimilili. Anasema mimea ikisimama hivyo inanyonya uchafu wa samaki.

Alikula ugali na mrenda, sahani mbili. Amekonda. Anasema ni nguo.

Maji machafu nilimwagia sukuma wiki zangu nilizopanda kwa gunia.

Jumapili, 21 Septemba

Ametoa maji, ameweka maji. Nduma imetoa jani. Simu yake inalia sana, anailaza kifudifudi. Nilisoma jina, nikauliza Bedan ni nani. Ati wa kazini. Haya.

Alibeba mrenda kwa mkebe.

Jumapili, 5 Oktoba

SAMAKI! Wamekuja kwa karatasi ya plastiki, Viola amewabeba kwa mapaja kutoka Ruiru kama keki. Wadogo, wanaitwa gapi. Mmoja ana mkia mwekundu kama pazia la harusi. Hakuwamwaga tu — aliiacha karatasi ikielea kwanza, wazoee baridi ya maji. Mimi ningewamwaga.

Nikamwita Tausi. Nikaita na watoto wa ploti yote, wavue viatu. Tausi aliangalia muda mrefu. Akasema ni wadogo, hawatoshi kukaangwa. Hiyo ndiyo pongezi yake.

Nikamwambia aliyetengeneza hii ni nani. Akasema anajua, nimemwambia tangu Septemba.

Jumapili, 12 Oktoba

Kama kawaida. Maji, chakula, ndoo. Tuliongea mpaka saa kumi na moja. Yaani yeye aliongea na mkono wake ukiwa ndani ya tanki, akitoa majani yaliyooza. Hapo ndipo huongea vizuri, akiwa ameangalia samaki. Alisema famasi kuna mama alimtukana mbele ya watu kwa sababu dawa imepanda bei. Alisema nyumba ya Ruiru iko na kelele. Sikumkatiza.

Jumapili, 26 Oktoba

Maji yameng'aa. Unaweza kuhesabu mchanga. Viola alikuja na vikaratasi vya kupimia, akavitumbukiza, akangoja rangi. Halafu akanikumbatia! "Mum, imebalance! Hiyo nduma yako na money plant zinakula uchafu wote. Hakuna haja tena ya kubadilisha maji. Yakipungua unaongeza tu. Hata wewe unaweza."

Hata mimi naweza. Nimemwambia Tausi. Nduma ni yangu, mtoto ni wangu, tanki inajisafisha. Nani mwingine ako na kitu kama hicho hapa Makongeni?

Viola aliondoka saa tisa. Alisema atapiga simu.

Jumapili, 2 Novemba

Maji safi. Nilipika kuku na mrenda. Baba yake akauliza kuku ni ya nini. Nikamwambia ni Jumapili. Ilibaki.

Jumapili, 9 Novemba

Viola alipiga saa nane. "Maji aje, Mum?" Safi. "Na nduma?" Imefika kwa kalenda. "Si nilikuambia! Basi iko poa." Yuko na watu, nilisikia wakicheka. Nikamuuliza amekula nini. Chipsi.

Maji niliyolaza jana nimefulia.

Jumanne, 11 Novemba

Tausi ameuliza siku hizi daktari wangu anapitia njia gani, mbona hamuoni. Nikamwambia watu wa maana wanahitajika kazini hata Jumapili. Akaangalia tanki. Akasema, "Kumbe mtu akimaliza kazi yake vizuri ndio anafutwa."

Sikumpa chai.

Jumatano, 12 Novemba

Nimetoa nduma. Imekuwa kubwa mno, majani yanaziba TV. Mizizi ilikuwa imekumbatia jiwe, ikabidi nivute na mikono miwili. Mchanga wote ukapanda juu. Money plant nayo nimeirudisha kwa chupa yake, picha ya harusi ilikuwa imebaki uchi. Nduma nimeiweka kwa ile ndoo ya bluu na maji, huko bafuni, isinyauke.

Baba yake aliamka akakuta hivyo. Akaangalia tanki, akaangalia TV. TV iko ukuta ule mwingine. Akauliza kama kuna chai.

Samaki nimewaongezea chakula. Na ugali kidogo. Walionekana wana njaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Maji ya kijani. Yananuka kidogo, kama chombo cha maua ya kanisani kilichosahauliwa. Samaki wamepanda juu, midomo nje. Yule wa mkia mwekundu amejificha nyuma ya jiwe. Nikawatolea maji jagi chache, nikawawekea niliyolaza jana. Sitaki mtu afe hapa.

Nimetuma picha Ruiru. Kona moja tu, ile nduma haikuwa.

Amejibu na sauti: "Aki Mum! Nini imehappen? Wacha kuwapa chakula kabisa. Nakuja Sunday."

Jumamosi, 15 Novemba

Nimelaza maji. Mtungi wote, na sufuria mbili juu yake. Sokoni nilipata mrenda mzuri. Kuku nimechukua jogoo.

Samaki wote wako hai. Nimewaangalia mara nyingi.

Baba yake amenyoa ndevu. Sikumwambia anyoe.

Jumapili, 16 Novemba

Sikuenda kanisani. Jogoo hawa wa siku hizi ni wagumu, lazima usimame nao.

Viola amefika saa tano. Peke yake. Amevua viatu. Kibeti amekitundika kwa msumari — zile mara za mwisho alikuwa anakaa nacho kwa mapaja kama mtu anangoja kuitwa. Amekunja mikono ya blauzi, amesimama mbele ya tanki. Nilingoja aseme. Ameingiza mkono majini, amepitisha kidole pale katikati ya mawe mawili, pale pamebaki shimo. Halafu ameangalia money plant kwa chupa yake, pale kando ya picha.

"Wako hai wote," nikamwambia.

"Naona, Mum."

Nikarudi jikoni. Ndipo nilipo sasa, naandika kwa kigoda maji ya ugali yakianza kuchemka. Namsikia akisogeza paipu. Sasa ameita: "Mum, ile ndoo ya bluu iko wapi?"

Nimekoroga jogoo. Hakuhitaji kukorogwa.

Baba yake, yule mtu wa kuongea mara mbili kwa wiki, amejibu kutoka kwa kiti. "Mama yako ameloweka nguo. Kaa kwanza ule."

Bafu yetu haina mlango, ni pazia. Kutoka hapa nikiinama naliona. Jani moja la nduma limetokeza kando ya pazia, pana kama sinia. Viola amevuta kiti. Katika viti vyote amechagua kile kinachoangalia hilo pazia.

"Sawa, baba," namsikia. "Leo sina haraka."

Maji yamechemka. Nimeongeza unga.