Nilimdanganya Mama Mkwe Kuhusu Tawi la Mwisho

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mambo hayajaharibika, maana tangu tuliporudi kutoka safarini siwezi kumtazama mama mkwe usoni.

Mimi ni fundi wa lifti, mke wangu ni muuguzi. Alipopelekwa mafunzoni nje ya nchi kwa wiki mbili nikachukua likizo nimsindikize, na mama yake, mkaguzi wa shule mstaafu, akasema hawezi kubaki nyumbani akitazama ukuta, basi tukaenda watatu, mke wangu akawa anaingia darasani, mimi nabaki na mama mkwe, na siku ya kwanza tu mvua ikatukimbizia kwenye mgahawa wa kahawa, mhudumu akampa mama ramani ya matawi yao yote mjini, ishirini na sita, naye akavaa miwani, akatoa kalamu, akatia tiki pale tulipokaa, akasema, "Mkwe, tumebakiza ishirini na matano."

Nilidhani anatania. Mshauri, yule mama hatanii. Kila tawi alikagua viti, akakagua choo, akapima salamu za wahudumu, akaandika: "Tawi la tisa: meza safi, salamu hafifu." Kahawa yenyewe hanywi, anasema inamwendesha moyo mbio, kwa hiyo mnywaji ni mimi, na nikisema nimeshiba ananiambia, "Baba, ukaguzi bila kuonja ni umbea," sasa utamkatalia vipi mama aliyekupa mke, nikawa nakunywa, vikombe vinne kwa siku, vitano, mikono ikatetemeka hadi vifungo vya shati nikawa nafungwa na mke wangu.

Likabaki moja, juu kilimani nyuma ya hospitali. Nikasema natangulia kuangalia kama liko wazi, nikafika kona ya kwanza, nikakaa kwenye benchi nikala ndizi mbili, nikarudi kumwambia limefungwa, wanakarabati.

"Umeona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya, mama."

Akaandika "Limefungwa" kwa wino mwekundu, akaikunja ramani, na chakula cha jioni hakukigusa.

Kesho yake teksi ya kwenda uwanja wa ndege ikapita palepale, mlango wazi, watu wamejaa, nikajibandika dirishani kama pazia huku namwonyesha mama jengo la upande wa pili ambalo hata silijui ni la nini.

Sasa ramani ameitia fremu, iko sebuleni kwake, na kila mgeni anaambiwa, "Hilo moja mkwe wangu alikwenda kwa miguu kuhakikisha. Huyu kijana hajui uongo." Mwezi ujao mke wangu anarudi kule kumalizia mafunzo, na mama amemwagiza apande kilimani aone kama ukarabati umekwisha. Mshauri, nimwombe mke wangu adanganye, au nimwombe Mungu wapafunge kweli?

Ni mimi, Fundi Niliyekwama

*

Fundi, pole kwa kahawa. Pole yangu inaishia hapo.

Mtu mzima unajificha kwenye benchi na ndizi, kisha unaapa kwa macho yako! Ungesema, "Mama, nimechoka," angekukaripia dakika tano yakaisha. Badala yake umemwandikisha uongo mama ambaye maisha yake yote alitia sahihi alichokiona tu. Ripoti hiyo iko ukutani, na wageni wanaisoma. Hilo ndilo linalonikera.

Mke wako usimwingize. Ukimfundisha kumdanganya mama yake, wewe utasalimika kwa lipi? Na dua ya kufungisha mgahawa iache, kuna watu wana kazi zao pale.

Jumapili hii nenda kwake peke yako. Usiguse chakula kabla hujasema: "Shikamoo mama. Lile tawi lilikuwa wazi. Sikufika. Nilikudanganya." Neno "lakini" liache nje na viatu. Atakusema, tena atakusema vizuri, ndiyo kazi aliyoisomea. Nyamaza, usikilize hadi mwisho.

Ila kuna kitu hofu imekuzuia kukiona. Unadhani unampelekea habari mbaya. Ndugu yangu, mama huyu alikosa raha jioni nzima kwa sababu ya mlango mmoja, nawe unakwenda kumwambia uko wazi! Akishamaliza kukukaripia atauliza mke wako anasafiri tarehe ngapi, na kama kwenye ndege bado kuna nafasi mbili.

Kwa hiyo kaombe likizo kwanza, ndipo ukaungame.