Barua Iliyolala Kwenye Droo ya Baba

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unadai heshima kila ninapoinuka kwenye cherehani.

Kwanza tuliza moyo: Mama hajakununia. Najua umepiga simu ya nyumbani Jumapili tatu bila kumpata, na najua mlivyoachana kwa maneno makali. Nilipokutumia ujumbe kwamba ni simu tu mbovu, ulinijibu "sawa kaka" ya mtu asiyeamini. Naye Mama alikaa kando ya simu Jumapili zote hizo. Nikimpa yangu ya mkononi akupigie, anaisukuma: "Akitaka kunisamehe, namba yangu anaijua."

Kisa ni kwamba tulihamia kampuni nyingine ya intaneti, na simu ile hupita humohumo. Kioo chake kikaandika "Haijasajiliwa." Mimi nikajitosa! Nikazima, nikawasha, nikabadilisha waya, nikaingiza nywila ya zamani hadi mtambo ukanifungia nje. Mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, suruali unaziweza."

Leo asubuhi nikapigia huduma kwa wateja. Binti wa huko akauliza, "Mzee, ile barua yenye nywila mpya hamkuifungua? Tuliituma kwa jina la mwenye laini."

Mwenye laini, mdogo wangu, bado ni marehemu Baba; namba ilihamia kampuni mpya pamoja na jina lake.

Nikamgeukia Mama. "Barua za mume wangu sizifungui," akanijibu, kana kwamba namtuma akaibe. Huziweka zote kwenye droo ya Baba, chini ya miwani ya marehemu. Barua hiyo ya nywila ilikuwa juu ya nyingine zote, haijaguswa. Nilimbembeleza, mwishowe akaifungua mwenyewe, tena kwa mkasi wangu wa kitambaa. Nikauma meno, maana karatasi huutia butu.

Akanisomea nywila herufi moja moja, nami nikabonyeza. Kioo kikaandika "Imesajiliwa." Nilishusha pumzi kama niliyetua gunia.

Kubadilisha jina la laini amekataa katakata. Ila barua za kampuni sasa atazifungua, kisha atazirudisha chini ya miwani.

Nisalimie shemeji, wanao, na shangazi ukimwona. Mola awafunike kwa heri.

Jumapili saa kumi jioni Mama atakuwa kitini pake. Ukipiga, usianze wewe kuomba radhi. Kasema nikwambie zamu hiyo ni yake.

Kaka yako akupendaye bila kukoma,
Bingwa wa Suruali