Nyuki Ndani ya Gitaa

Jumamosi, 5 Machi 1983

Mazoezi tangu saa nane. Dizeli imepatikana, ya kuombaomba. Jenereta ikawaka na gitaa langu likaanza mambo yake. Mvumo uleule. Nyuki. Nikigusa nyuzi unapungua, nikiachia unarudi.

Wenzangu wamezoea. Mwalimu Gwandu hajazoea. Anafundisha hesabu shule ya msingi na ndiye kiongozi wa bendi yetu, na bendi anaiongoza kama darasa la nne. Leo alisimamisha wimbo katikati. Akasema mbele ya wote: Jumatatu ya Pasaka tunapiga uwanjani. Nyuki wakiwa bado wamo, solo anapewa mwingine. Mimi nitashika ridhimu.

Solo nimeishika tangu bendi haina jina. Nimekasirika mpaka sasa ninapoandika.

Gitaa ni la bei rahisi, sikatai. Kiwiliwili ni plaiwudi. Lakini shingo yake imenyooka, na mimi ni seremala, najua kilichonyooka. Ubovu uko ndani. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zimechoka. Nyaya za ndani kama za redio iliyonyeshewa. Vikaza nyuzi vinateleza, wimbo ukifika katikati niko nje ya sauti.

Vipya hakuna. Hapa hata sabuni hakuna.

Jumapili, 6 Machi

Baada ya ibada nilikwenda Singe kwa dada yangu Paulina. Mimba inaonekana wazi. Nilimweleza mumewe, Elia, shida yangu. Elia anaendesha lori la mahindi kwenda Arusha. Mpaka wa Kenya umefungwa miaka yote hii, lakini Elia anafahamiana na watu wanaofahamiana na njia. Akacheka. "Shemeji, hayo tu? Niachie mimi."

Elia ni mtu mwema. Kasoro yake ni moja, mdomo. Akikupa embe, jioni mji mzima unajua umekula embe la Elia.

Jumapili, 13 Machi

Elia amevileta vifaa. Vilikuwa ndani ya tairi la akiba. Vimefungwa kwenye gazeti la Nairobi, gazeti nimelichoma. Pikapu mbili za koili mbili-mbili. Vizungushio vya sauti. Seti ya vikaza nyuzi inayong'aa kama vijiko vya harusi. Nyuzi mpya. Nyuzi! Mwaka mzima nimepigia nyuzi za waya wa breki ya baiskeli.

Nilishindwa hata kumshukuru vizuri. Nilimwomba asimwambie mtu. Akaapa.

Jumanne, 15 Machi

Madawati ya shule nimeyaweka kando. Nimelifungua gitaa mezani, nimefunga mlango. Matundu ya pikapu ni madogo kwa hizi mpya, nikayapanua kwa patasi, kidogo kidogo, plaiwudi hupasuka ukiiudhi. Daraja la juu, lile la kupitishia nyuzi mwisho wa shingo, nililochonga kwa mfupa wa ng'ombe, nimeliacha, halina kosa.

Jambo kubwa ni ukuta. Fundi mmoja wa redio aliwahi kuniambia kwamba mvumo huingia kama baridi, ukiziba matundu hauingii. Nimekusanya karatasi za fedha za pakiti za sigara, nimepaka gundi, nimezibandika ndani ya shimo lote. Kisha waya mmoja kutoka kwenye karatasi hizo na kwenye vyuma vyote hadi tundu la plagi. Waya wa ardhi. Bila huo, karatasi zote ni mapambo.

Chuma cha kuchomelea nakipasha kwenye jiko la mkaa. Kinapoa kabla sijamaliza. Nimeungua kidole.

Alhamisi, 17 Machi

Limegoma. Kimya kabisa, hata nyuzi hazisikiki. Niliazima amplifaya ndogo ya betri ya gari kulijaribu. Hakuna kitu. Nimefungua yote tena. Sijala mchana.

Ijumaa, 18 Machi

Kiungo kimoja kilikuwa kimeshikana na jirani yake. Tone la risasi ya kuchomelea, dogo kuliko punje ya mtama. Nimelikwangua. Sasa gitaa linaimba.

Jumamosi, 19 Machi

Mazoezi. Jenereta ikawaka. Nikachomeka plagi, nikafungua sauti hadi mwisho, nikaondoa mikono yangu.

Kimya.

Mwalimu Gwandu alidhani sijawasha. Nikagusa uzi mmoja. Alivua miwani. Akahesabu moja, mbili, tatu, tukaanza, na nilipiga kama sijawahi kupiga. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nimewaambia wenzangu nimekaza nyaya tu. Wameridhika, hakuna aliyechungulia.

Jumanne, 22 Machi

Mdomo wa Elia umefunguka. Yuko kilabuni tangu jana anawaambia watu nyuki wa shemeji yake wamehama, dawa ameileta yeye kutoka ng'ambo ya mpaka. "Njooni Pasaka msikie wenyewe." Nilimfuata nikamsema. Akaniona mwoga.

Jumatatu, 28 Machi

Redio haisemi kingine. Msako. Walanguzi, wahujumu, wenye vitu vya magendo, wote watafutwe. Sokoni watu wanaongea kwa macho. Mwenye duka jirani yangu amefunga, anasema anaumwa, lakini mikokoteni ikihamisha mizigo nimeiona.

Wavuvi wamekuta katoni za sabuni zinaelea ziwani. Mwaka huu viboko wa Babati wataoga kuliko sisi. Watu wanacheka wakishaangalia nyuma.

Mimi sicheki.

Jumatano, 30 Machi

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Tluway, amepita karakana. Shikamoo, marahaba. Akakaa juu ya ubao nilioupiga randa. Akauliza habari za madawati. Kisha akasema Jumatatu ya Pasaka si dansi tena. Ni mkutano wa hadhara juu ya msako, wakubwa watakuja, na bendi itatumbuiza.

Alipofika mlangoni akageuka. "Nasikia gitaa lako limepona, Fundi. Kilabuni wanasema dawa imetoka mbali. Vijana wa mgambo nao wamesikia. Basi, tutasikia Jumatatu."

Sijui alikuwa ananionya au ananitega. Mzee Tluway ana uso mmoja kwa msiba na kwa harusi.

Alhamisi, 31 Machi

Nimewaza kulitupa ziwani. Halafu? Jumatatu nipande jukwaani na nini? Gitaa likikosekana, wataniuliza liko wapi, na jibu wanalo tayari. Nikisema ninaumwa, watataka gitaa apewe mwenzangu. Likipigwa na yeyote, halivumi. Lisipovuma, Elia alisema kweli. Na kama alisema kweli juu ya gitaa, watataka kujua lori lake lilibeba nini kingine.

Sijiogopei sana. Nina woga wangu, lakini mdogo. Elia ataozea ndani.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Ibada ndefu. Sikusikia mahubiri.

Paulina alinifuata nyumbani, miguu imevimba. Madereva wawili wamekamatwa kwenye kizuizi cha Bonga. Watu anaowajua, walikula kwake. Elia bado anajifanya shujaa, akiulizwa kilabuni hawezi kukana, ataonekana mwongo. Alilia, na Paulina hana tabia ya kulia. "Kaka, mfanye anyamaze. Wewe anakusikiliza."

Hanisikilizi. Hasikilizi mtu. Elia huacha jambo pale tu watu wanapomcheka.

Nimeiandika sentensi hiyo ya juu, nikaisoma tena. Sasa najua nitafanya nini.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimerudisha nyuki.

Sikuondoa kitu ndani. Nimekata waya wa ardhi tu, pale unapotoka kwenye karatasi za fedha, nikaukunja na kuuweka pembeni, nikaukinga kwa kipande cha gazeti. Juu ya pikapu nimebandika vifuniko vya zamani vya plastiki. Vikaza nyuzi vipya nimeving'oa, vimelala chini ya vumbi la mbao. Nimefunga vile vibovu. Nimefunga na nyuzi za breki.

Mchana tulipeleka vyombo uwanjani. Mwalimu akawasha jenereta kuijaribu. Nikachomeka. Likavuma, afadhali hata ya zamani. Mwalimu aliniangalia kama nimemwibia. Nikamwambia kazi imefumuka.

Kazi yangu haijawahi kufumuka. Nilitaka kumtukana mtu.

Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili

Uwanja ulijaa. Hotuba, makofi, hotuba. Mbele kabisa walisimama watu wa kilabuni, wote, na Elia katikati yao na shati jeupe. Walikuja kuhakikisha kama nyuki wamehama. Vijana wawili wa mgambo walisimama karibu na amplifaya. Mzee Tluway alikuwa kwenye viti.

Nilichomeka plagi. Nyuki wakajaa uwanja mzima. Niliacha muda mrefu kabla ya kuanza, nikijifanya natafuta sauti. Watu wa kilabuni walitazamana. Mmoja akaanza kucheka.

Tukapiga. Wimbo wa pili, katikati ya solo, mvumo ukakatika.

Ghafla. Safi. Kimya kama cha ile Jumamosi. Gazeti lilikuwa limechomoka, waya umegusa karatasi. Mgambo mmoja aligeuza shingo. Niliona jasho langu likidondoka kwenye gitaa. Nikageuka kama mtu aliyenogewa, nikapiga kiwiliwili kwa kiwiko. Hakuna. Nikapiga tena, kwa nguvu ya nyundo, nikakosa noti, Mwalimu akasema kitu huku ameuma meno. Nyuki wakarudi.

Hapo ndipo uwanja ulipocheka. Mtu akapaza sauti: "Elia! Dawa yako ya ng'ambo hiyo inalia!" Kicheko kikaenda hadi nyuma. Mgambo walicheka. Mkubwa mmoja aliuliza, akaelezwa, naye akacheka. Walimwita Nyuki. Elia Nyuki. Mpaka watoto.

Elia alinitazama. Nilitazama vidole vyangu. Wimbo ulipokwisha, hakuwepo.

Nashukuru Mungu. Nimejichukia kutwa nzima.

Jumatano, 6 Aprili

Mwalimu amempa mwenzangu solo. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo baya. Ridhimu, basi.

Lori la Elia lilipekuliwa jana Bonga. Mahindi tu. Mgambo walimwita Nyuki, wakamwacha aende.

Alasiri alikuja karakana. Hakukaa. "Nilikuletea vitu vizima, wewe ukavichokoa kwa patasi ya majeneza." Niliendelea kupiga randa. Ningemwambia ukweli, angetoka hapa moja kwa moja hadi kilabuni kusafisha jina lake, na jioni tungekuwa wote ndani. Akaenda zake. Nimevunja mguu wa dawati.

Jumapili, 24 Aprili

Tumepishana kanisani mlangoni. Alisalimia watu wote, mimi hakunisalimia. Paulina alinipa mkono akitazama chini. Na yeye anaamini nilimfanya mumewe kichekesho kwa uzembe wa mikono yangu. Mji mzima unaamini. Wiki hii mtu amepeleka mlango wake kwa seremala mwingine.

Elia haongei tena kilabuni. Hilo ndilo Paulina aliloliomba.

Ijumaa, 10 Juni

Paulina amejifungua mtoto wa kike. Nimepata habari kwa watu. Nilichonga kitanda kidogo, nikakituma. Kilipokelewa. Neno halikuja.

Jumamosi, 6 Agosti

Neno limekuja, kupitia kwa Mzee Tluway. Ubatizo wiki ijayo, Jumapili. Paulina anaomba bendi ipige uani kwao. Mzee alinieleza, akakaa kidogo juu ya mbao. Akasema mambo yametulia siku hizi, watu wanapumua. Kisha akasema amplifaya ya bendi inazeeka vizuri, kuna siku pale uwanjani iliacha kuvuma yenyewe katikati ya wimbo. Akaomba kipande cha ubao cha kuzibia banda la kuku. Nimempa ubao mzima.

Jumatano, 10 Agosti

Nimewasha jiko la mkaa. Nimefunga waya wa ardhi mahali pake. Vikaza nyuzi vimetoka kwenye vumbi la mbao, nimevipaka masizi kidogo visiwake sana. Nyuzi mpya. Vifuniko vya zamani nimeviacha, nimevizoea.

Jumapili, 14 Agosti

Singe. Jua la kiasi, upepo kutoka ziwani. Mtoto ameitwa Neema. Alilala wakati wote, hata alipomwagiwa maji.

Uani jenereta iliwekwa nyuma ya banda la ng'ombe. Nilichomeka plagi. Jenereta ilisikika, ng'ombe walisikika. Spika ilikuwa kimya. Mwalimu Gwandu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila kuonyesha njia.

Elia alikuwa anapanga viti. Akasimama na kiti mkononi. Akaja hadi kwenye spika, akainama, akaweka sikio, kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka. Nikagusa uzi mmoja. Akaruka kidogo. Akatazama vikaza nyuzi, akatazama uso wangu. Kisha akarudi kupanga viti.

Tulipiga hadi chakula. Nilishika ridhimu.

Kwenye kunawa, Elia alichukua jagi na beseni yeye mwenyewe, baba wa mtoto, akaja kwangu kwanza, kabla ya wazee. Alinimwagia maji polepole mpaka yakaisha. Wazee walishangaa. Mtu wa kilabuni akaita kutoka ukutani, "Nyuki, lete na huku." Elia akaitika, "Nakuja," akaenda kujaza jagi.

Nilimwangalia hadi wageni wa mwisho. Alikaa na watu wa kilabuni, wakanywa, wakamtania. Alicheka nao. Hakuwaambia.

Paulina alinisindikiza hadi njiani, akaniuliza mumewe ana nini leo, mbona mpole. Nikamwambia amechoka na wageni.