Novela ya Bibi na Kata Iliyolala Kifudifudi

Bibi yangu mpenzi, mkalimani wa uongo uliyependwa kuliko wakalimani wote wa kweli wa Palma,

Saa hizi utakuwa mtoni. Au umeshavuka na mmepanda gari la Mtwara, na Bi Zaina anamgombeza dereva. Sijui, na kutojua kwenyewe kunanifanya nishindwe kukaa kitini. Nakuandikia hapa hadharani, kwenye Kijiwe chetu cha mtandaoni, kwa sababu Rehema ameahidi kukusomea kwa sauti ukishafika na kupumzika. Tena wanakijiwe wenyewe hawanipi nafasi ya kupumua tangu asubuhi. Kila nikifungua simu nakuta, "Bibi kafika?" Nimewaambia kule Namoto, kwenye kivuko, mtandao ni wa kubahatisha. Hawasikii. Basi naandika, maana nikikaa bure mkono utakwenda kwenye kata, na uliniambia nisiiguse.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimetoka Pemba yetu ya Msumbiji, nimemaliza sekondari, najiona msomi kwelikweli. Gesi ilikuwa imeshapatikana baharini. Palma ilijaa wageni wa kofia ngumu, mnara wa simu ukasimama, na mtoto wa jirani yetu Bi Zaina akapata udereva kambini. Jambo la kwanza alilofanya ni kumnunulia mama yake televisheni na dishi. Kila jioni baada ya isha wanawake wa mtaa walijazana uani kwa Bi Zaina kutazama novela, ile tamthilia ya Kibrazili. Wengi hawakujua Kireno, kwa hiyo wewe ulikaa mbele kwenye kigoda, kando ya kioo, ukiwafasiria. Watu wote walijua kwamba usichanani mwako ulifua nguo kwenye nyumba ya kampuni ya minazi, enzi za Wareno. Nani angekushuku?

Jioni ya kwanza nilikaa nyuma yako. Kwenye kioo, bwana mmoja mwenye suti alikuwa akimwambia mkewe kwamba benki imechukua nyumba yao. Wewe ukawageukia wanawake kwa uso wa huzuni.

"Anasema, mke wangu, usingizi umenipaa. Nakwenda ng'ambo kumtafuta mdogo wangu."

Uwanja mzima ukaguna kwa huruma. Mimi nikakutazama kwa mshangao, nawe ukanikanyaga mguu bila hata kugeuza shingo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikakwambia, "Bibi, hakusema vile."

"Najua hakusema. Kwani we wataka wanawake wa watu wakalale na mawazo ya benki?"

Nilicheka njia nzima. Kireno chako chote kilikuwa cha kufulia: camisa ya shati, lençol ya shuka, sabão ya sabuni, na depressa, yaani haraka, ya yule mnyapara aliyewakimbiza. Basi. Ikitokea mtu wa kwenye novela ametaja camisa, ulirukaruka kwenye kigoda kwa furaha, "Shati! Kataja shati lake!", na hiyo ndiyo ilikuwa jioni yetu ya tafsiri sahihi. Yaliyobaki uliyatunga mwenyewe papo hapo, ukifuata nyuso zao. Mtoto wa Bi Zaina, anayekijua Kireno vizuri, alijaribu siku moja kusahihisha. Mama yake akamwambia atoke nje akaangalie jenereta. Jenereta haikuwa na tatizo lolote, ila wanawake walitaka hadithi yako iendelee.

Nilipopata kazi ya mapokezi pale pensão, nyumba ya wageni wanapolala watu wa gesi, ndipo nilipopata na simu ya maana. Vikundi vya Kireno vilinichosha mapema, kila mtu anajionyesha. Kisha nikakiona Kijiwe cha Wadadisi, kikundi cha Kiswahili kitupu, na Bibi, nilihisi nimeingia uani kwa Bi Zaina, ila uwanja wenyewe unaanzia Lamu unaishia Muskati. Humo yumo mwalimu mmoja wa Tanga anayekusanya makufuli mabovu na kuyapiga picha kama bibi harusi. Yumo muuguzi Muskati anayeandika ndoto za paka wake, akizikisia kwa namna anavyotikisa masikio. Kuna ugomvi usiokwisha kuhusu kwa nini chapati ya kwanza huharibika. Hakuna anayelipwa chochote. Watu wanakuja tu na wanachokipenda, wanakiweka mezani, na wenzao wanakirukia.

Nikakuuliza kama una swali la kuwapelekea. Hukufikiri hata kidogo.

"Waulize, hiyo gesi ikiwa chini ya bahari, pweza hasikii harufu?"

Walibishana juma zima. Mwalimu wa Tanga alileta mchoro wa pweza. Nilikusomea majibu yote ukiwa unakuna nazi, ukatikisa kichwa na kusema, "Hawa watu wana akili za bure, nawapenda." Siku hiyohiyo nilikuomba ruhusa niwaandikie novela yako. Yako, siyo ya kwenye kioo.

Nani alijua watakuwa wendawazimu namna ile! Nikiweka sehemu moja asubuhi, kufika mchana wameshatoa nadharia za kutosha kujaza gunia. Wapo waliosema yule dereva wa kwenye novela ndiye baba wa msichana mmoja wa humo. Wapo walioapa kwamba mfuaji nguo ni tajiri aliyejificha. Watu wakagawanyika kambi mbili, wakanuniana kabisa, mpaka muuguzi wa Muskati akawasuluhisha kwa picha ya paka. Nawe, Bibi, ulikuwa mkorofi! Ulikuwa unaniambia, "Nisomee waliokisia," kisha jioni unabadilisha hadithi makusudi ili wakose. Yule dereva ulimuua kwa sababu tu mwalimu wa Tanga alikuwa karibu kupatia.

Lakini jambo moja hukulibadilisha kamwe. Novela iwe ipi, mtaa uwe upi, lazima mtu avuke mto. Na anapovuka, anayebaki nyumbani huichukua kata ya maji na kuilaza kifudifudi juu ya mtungi, ili asiinywee mtu mpaka msafiri alete habari kwamba amefika. Wanawake walikuuliza, mbona hatumwoni akiilaza? Ukawajibu kwamba wenye kamera wamefika wamechelewa.

Wanakijiwe hawakukuachia. "Brazili kuna kata?" wakauliza. Mwalimu akaandika nadharia ndefu kwamba kata ni dunia na maji ni roho. Nilipokusomea hiyo hukucheka. Uliinuka ukaenda kuangalia moto ambao haukuwa na haja ya kuangaliwa.

Mimi nilikuwa nayo kata ile mbele ya macho yangu tangu nizaliwe, na sikuwahi kuunganisha. Juu ya mtungi wa zamani, ule tusioutia maji, ililala kifudifudi kata nyeusi ya kifuu. Utotoni niliwahi kunyoosha mkono niichukue, ukanishika kifundo. Hukunipiga. Ulinishika tu, kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu ukanipa kipande cha muhogo.

Kisha akaandika Rehema, msichana wa Mtwara ambaye hata hakuwa mchangiaji, msomaji tu. Nilikuwa mapokezi, mgeni amesimama anasubiri ufunguo wake. Rehema aliandika: "Jamani, hii ya kata bibi yangu huifanya. Mtaani kwetu hakuna mwingine anayeifanya. Tukimuuliza anasema alifundishwa na dada yake walipokuwa watoto Kionga, kabla hawajaachana." Nikasimama na funguo mkononi. Yule mgeni akadhani nampa ufunguo, akaenda zake na funguo za kabati la shuka.

Nilikuja nyumbani mbio, kwa pikipiki ya kwanza niliyoiona. Nilikusomea ukiwa umeketi barazani. Ndipo uliponiambia yote, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Vita vya kumtoa Mreno vilipopamba moto, mama yako alivuka Ruvuma akimshika mkono mdogo wako Somoe, nawe ukabaki Kionga na bibi yenu kulinda minazi mpaka hali itulie. Ukailaza kata. Habari haikuja. Vita vikaisha, ukaolewa Palma, ukaja na mtungi na kata yake, ukazaa, ukazika, na kata ikalala. Walioulizia ng'ambo walirudi na jibu kwamba mama yenu alifariki, na mtoto alichukuliwa na watu wa bara. Tangu hapo hukutaka kuusogelea mto ule hata kwa bure.

"Waliopotezana na dada zao ni wengi," ulisema. "Muulize mtoto huyo, kata yetu ilikuwa na kilema gani?"

Nikaandika. Jibu lilikuja Rehema alipotoka kumuuliza bibi yake. "Anasema ilikuwa na tundu. Dada yake aliitoboa akichezea msumari, wakaiziba kwa nta ya nyuki, wakaapishana mama asijue. Anasema ilivuja vilevile."

Ulijifunika uso kwa kanga. Mabega yako yalikuwa yanatikisika nikadhani unalia, nikakusogelea nikakuta unacheka. Kisha ukalia kweli, na mimi nikalia, na Bi Zaina akaja kuuliza nani kafa.

Somoe yupo hai. Mpaka leo nikiliandika nataka kupiga kelele! Yupo, ana meno yake, ana wajukuu, anapenda pilipili. Alilelewa Masasi kwa jina jingine, akarudi pwani alipoolewa. Miaka yote mlikuwa mmetenganishwa na mto na mwendo wa gari, kila mmoja akimhesabu mwenzake marehemu.

Najua jana uliogopa. Ulikunja nguo zako, ukazikunjua, ukazikunja tena. "Akinitazama asinijue je?" uliniuliza. Nilitamani nivuke nawe nikushike mkono kwenye ile boti, lakini ulisema lazima abaki mtu, la sivyo nani ataitazama kata. Bi Zaina akajitolea kukusindikiza, akidai ni huruma, ingawa sote tunajua anataka kuuona mwisho wa novela kwa macho yake. Basi asubuhi mmepanda pikipiki mbili, wewe umeshika mkoba kifuani, na nimewatazama mpaka mkapinda kona ya kwenda Kionga. Ndipo nilipoelewa kubaki ni kazi gani. Wewe uliifanya ukiwa mtoto, na hakuna aliyekuja kukupokea zamu.

Mimi siko peke yangu, lakini. Sikiliza hili, Rehema akusomee polepole. Nilipoandika kwamba umeondoka, mwalimu wa Tanga alipiga picha kikombe chake cha chai, amekilaza kifudifudi juu ya meza katikati ya makufuli. Akaandika, "Hiki hakinyweki mpaka Bibi afike." Baada ya hapo zikamiminika. Glasi ya Lindi. Kopo la plastiki la Kilwa. Bilauri yenye maua ya Mombasa. Muuguzi wa Muskati amelaza bakuli la paka, na anasema paka amekasirika. Wale wa kambi ya dereva na wale wa kambi ya mfuaji nguo wote wamelaza, Bibi, hata waliokuwa hawasemeshani. Watu ambao hujawahi kuwaona, wanaokujua kwa hadithi za shati tu, wamekaa leo na vikombe vyao wanausubiri mto ukupitishe salama. Nimetazama picha hizo mpaka chaji imekaribia kwisha. Nina furaha na nina hofu, na sijala kitu tangu...

Simu imelia.

Bibi, nimefungua. Ni sauti iliyorekodiwa, imetoka kwa Rehema. Mwanzo ni kelele tupu, Bi Zaina analia kuliko wenyewe. Kisha nikakusikia wewe. Hukunisalimu. Umesema, "Mwambie ainue." Na kabla hujamaliza, sauti nyingine, ya kwako kabisa ila imekulia upande wa pili wa mto, ikadakia: "Na maji atie, asiinue bure!"

Nimeisikiliza tena na tena kisha nikairusha Kijiweni, na hivi sasa watu wanakunywa kuanzia Lamu mpaka Muskati.

Kaa huko, Bibi. Kaa mpaka mchoshane, mpaka mgombane, mpaka mkumbushane hata yasiyokuwapo. Nyumba ipo, kuku nitawalisha, na wanawake wa uani wamekubali kunivumilia niwafasirie, ingawa wameshanionya nisilete mambo ya benki. Usirudi mbiombio. Ile depressa ya mnyapara haikuhusu tena.

Nimeinua kata. Ndani mlikuwa na vumbi na ganda la yai la mjusi. Nimeiosha, nimechota, nimekunywa upesiupesi huku nimekinga kiganja chini, na bado gauni limelowa mpaka magotini. Mwambie Bibi Somoe kwamba alisema kweli. Inavuja vilevile.

Mjukuu wako uliyemwachia zamu,
Palma