Msalaba Wako Umewekwa Nyuma ya Nira

Tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila salamu, ungeninunia.

Tangu tukuzike hapa Nyansurura, kamati ya kijiji imemkabidhi Chacha karakana yako ya useremala. Chacha uliyemfundisha kazi, siyo mimi binti yako niliyepiga msasa humo tangu tulipohamia kijiji cha ujamaa. Sasa yeye ndiye anayesema kazi ipi itangulie na ipi isubiri. Wivu unaniwasha, Baba, sifichi. Hata kukohoa anakohoa kama wewe kabla ya kupanga kazi. Nani kamruhusu?

Mvua inanukia, kila mtu anataka nira ya ng'ombe wake. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, msalaba wa kaburi lako. Nikampelekea ubao wa mvule. Akasema, "Pole dada, wako unatangulia." Akaubana mezani, akaupiga randa mara moja, taratibu, nikiona. Nikaondoka moyo umetulia. Jioni nikaukuta umeegemezwa ukutani, mwenyewe anachonga nira!

Hapo nikakumbuka. Mzee yeyote wa kijiji akikuletea kigoda chake wakati wa kilimo, nani angethubutu kumwambia asubiri nyuma ya vijana? Angekulaani. Basi ulikuwa unakipiga randa moja mbele ya macho yake, akishatoka unarudi kwenye nira. Ukanikonyeza: "Robi, siri hii ni yetu wawili." Yetu wawili! Kumbe na Chacha ulimpa.

Na sanduku langu la shule, je? Ulilipiga randa nikiona, nikawaringia wenzangu mchana kutwa. Likaisha shule imeshafunguliwa. Hata mimi, tata?

Nilitaka kumtukana Chacha, nikashindwa. Ungekuwepo ungepanga vilevile, watu walime kwanza, wafu hawana haraka. Ndicho kinachoniuma, kwamba amekujua sawasawa na mimi. Labda zaidi. Aah, nimesema.

Haya, pumzika Baba. Ubao nimeuchukua, niko nao nyumbani, na randa yako pia. Chacha na apange kazi za kijiji kizima, hii hataigusa. Nakuahidi msalaba utasimama kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na ukipinda, basi upinde kwa mkono wangu.

Mwanao wa kumzaa,
Robi